Jumatano: Zabibu za Baba Zetu

Soma Ezekieli 18:1-4 na Yohana 9:1-3. Watu wa uhamishoni walikuwa wakinung'unikia nini? Wanafunzi walitaka kujua nini juu ya yule kipofu?

Mithali ile ya zabibu kali ilikuwa na maana hii: mambo yetu yaliamuliwa kabla hatujazaliwa, basi tufanyeje? Wanafunzi nao, walipomwona mgonjwa, walimtafuta mwenye kosa. Makanisani mwetu kauli zote mbili husikika juu ya kisukari. Mmoja husema, "Ni ya ukoo, bibi alikuwa nayo, mama alikuwa nayo." Mwingine hunong'ona, "Angefuata ujumbe wa afya asingeugua."

Urithi ni jambo la kweli. Mwaka 2006 watafiti wa Iceland walitangaza kwamba badiliko dogo katika jeni iitwayo TCF7L2 huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili. Aliyelirithi kwa baba na kwa mama pia, hatari yake hukaribia kuwa maradufu ya asiyekuwa nalo, kwa kuwa kongosho lake hupata shida kutoa insulini ya kutosha. Zipo jeni nyingine nyingi, kila moja ikiongeza kidogo, na baadhi huifanya misuli na ini visiitikie insulini vizuri. Kwa hiyo ndugu wawili waweza kula sahani moja miaka 30, mmoja akaugua na mwingine asiugue. Huyo asiyeugua hana la kujisifia.

Lakini yule wa "ni ya ukoo" naye asikilize. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliosaidiwa kula vizuri, kupunguza uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa juma, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Baadaye jeni zao zilipimwa. Katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, waliorithi TCF7L2 pande zote mbili waliugua zaidi ya wenzao. Katika kundi la mazoezi na chakula, tofauti hiyo karibu haikuonekana.

Soma Isaya 38:5, 21. Hezekia alikwisha kuahidiwa miaka 15, hata hivyo nabii aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ahadi haikuifukuza tiba. Nasema hivi kwa sababu wapo washiriki wanaoshauriwa kuacha dawa ili kuonyesha imani, au kufunga siku nzima pasipo kumwuliza daktari, na sukari ikashuka hadi wakazirai. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambacho hakiletwi na peremende wala uvivu, akinyimwa insulini hufa. Mzee wa kanisa asiseme neno hapo.

Katika Yohana 9 Yesu hakukaa na swali la nani alitenda dhambi. Alitema mate, akafanya tope, akampaka yule mtu macho, akamtuma Siloamu kunawa.

Kwa mjadala: Chakula cha pamoja cha Sabato kanisani kwenu kina soda ngapi na mboga kiasi gani? Mwenye kisukari akiketi mezani hapo, atapata cha kula bila kujieleza?