Mwanangu, Rangi Huja Mwisho

Mwanangu, lipu imekauka na sasa unataka rangi. Umenionyesha kwenye simu yako picha za sebule: ukuta mmoja mwekundu, tatu za kijivu, dari ya jipsamu iliyojaa taa. Ni nzuri, sikatai. Lakini hizo ni sebule za watu, na mwanga wao si wako. Vuta kiti tuzungumze kwanza. Rangi haitaoza dukani ikikaa wiki moja zaidi.

Neno langu kwako ni moja. Rangi huja mwisho. Kwanza ujue mwanga unaingiaje chumbani, hewa inapitaje, na watu watafanya nini humo. Ukishayajua hayo, rangi ya kuchagua haitakusumbua.

Mimi nililelewa kwenye nyumba ya mawe: kuta za matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haivuki mbali, ni kama mita mbili na nusu hadi tatu tu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zile, Lamu na kwingineko pwani, ni virefu na vyembamba. Kutoka njiani unakuta baraza, unapita daka la mlangoni, unapinda tekani, ule ukumbi wa kuingilia, kisha unatokea kiwandani, uwanja wa ndani wenye jua tupu. Kule kupinda kulikuwa na sababu: mpita njia asione walio ndani. Kutoka kiwandani unaingia msana, chumba cha mbele, kisha ndani, na kila ukivuka kizingiti mwanga unapungua na joto linapungua.

Sasa fikiri. Chumba cha ndani kabisa kilifikiwa na mwanga kidogo sana, lakini hakikuwa kiza. Kuta zake zilikuwa nyeupe kwa chokaa, na nyeupe safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoifikia. Ukuta mmoja unaupokea na kuurushia wa pili, wa pili unaurushia wa tatu. Nyeupe ile haikuwa ya watu waliokosa rangi. Ilikuwa na kazi, na ilipewa kazi hiyo na watu waliokuwa wamelitazama jua miaka mingi.

Ukuta wa zidaka, yaani vidaka, vile vishubaka vya ukutani, ulikuwa huko ndani. Watoto tulikuwa tunalala tukiutazama. Ukitaka kujua mambo ya mpangilio wanayofundisha vyuoni, yako pale yote. Kushoto na kulia vinalingana. Vidaka vinajirudia kwa safu, jicho linasafiri bila kujikwaa. Kila kidaka kina kivuli chake, kwa hiyo weupe mmoja unakupa weupe wa namna nyingi. Na rangi yenyewe iliwekwa kidogo, mahali pa heshima: sahani za kaure za buluu na nyeupe zilizopangwa ndani ya vidaka. Hawa vijana wa mapambo siku hizi wana kanuni ya sitini, thelathini na kumi: rangi tulivu ichukue sehemu kubwa, ya pili isaidie, na ile kali ipewe sehemu ndogo. Bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo bila kuhesabu.

Nyumba ile ilipokuja mikononi mwangu, nilikuwa na haraka kama yako. Nilibandua chokaa ya zamani, nikapiga lipu ya saruji, juu yake nikapaka rangi ya mafuta. Ilipendeza hadi masika. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na unyevu huo lazima utokee mahali. Chokaa huuachia utoke. Saruji na rangi ya mafuta huuziba. Rangi ikavimba, ikamenyeka, chumvi ikachomoza juu ya ukuta, na lipu ikaanza kuanguka na vipande vya mawe. Mama alikuwa bado yu hai, na chumba chake ndicho kilichoharibika zaidi. Kuirudisha chokaa kulichukua muda mrefu kuliko kuibandua. Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kuuliza ukuta uwe rangi gani, uliza ukuta umejengwa kwa vitu gani.

Utasikia pia wanaosema kila rangi ina tabia yake. Buluu inatuliza, nyekundu inaamsha hamu ya kula, manjano inafurahisha. Yapokee kwa subira. Mwaka 1979 huko Seattle, Marekani, gereza moja la jeshi la majini lilipaka chumba cha mahabusu rangi ya waridi kali, kwa shauri la mtafiti Alexander Schauss. Ikasemwa kuwa wenye ghasia wanatulia humo. Rangi ikapewa majina ya wakuu wawili wa gereza hilo, Baker na Miller, na magereza mengine yakaiga. Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti ulioipima upya ndani ya gereza moja la Uswisi. Wafungwa waliowekwa kwenye seli za waridi hawakuonekana watulivu kuliko wenzao.

Sisemi kuwa rangi haigusi moyo. Inagusa sana. Ila inagusa kwa kadiri ya ukali wake, mwanga uliopo, na yale mtu aliyoyapitia. Kwetu nyeupe ni ya kanzu ya bwana harusi, na ni ya sanda. Ukuta mweupe mmoja unaweza kumfurahisha mgeni na kumliza mjane. Kwa hiyo usimuulize mtu wa kwenye picha. Waulize watakaolala humo.

Aliyenifundisha hilo vizuri simjui kwa uso. Ni Alvar Aalto, msanifu wa Finland, aliyebuni hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Paimio, iliyofunguliwa mwaka 1933. Aalto alijiuliza swali ambalo wengi hawajiulizi: mgonjwa anayelala chali mchana kutwa anatazama nini? Anatazama dari. Basi dari za vyumba vya wagonjwa zikapakwa rangi iliyokoza kuliko kuta, isimuumize macho, na taa zikawekwa mahali ambapo hazimpigi usoni. Ngazi zikapewa sakafu ya manjano. Hakuanza na rangi anayoipenda yeye. Alianza na mtu aliyelala. Nawe, kabla ya kuchagua rangi ya chumba cha kulala, lala chini humo utazame juu.

Jambo jingine: rangi haikai peke yake. Karne ya 19, mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alikuwa akisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris. Aliletewa malalamiko kuwa nyuzi zake nyeusi hazikolei. Akazichunguza, akakuta hazina kasoro. Kilichozififisha ni rangi zilizofumwa jirani nazo. Aliyaandika hayo kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1839. Mama zetu wa pwani wanayaona kwenye kisutu: nyekundu yake inakolea vile kwa sababu ya nyeusi na nyeupe iliyo kando yake. Basi usichague rangi ya ukuta bila kuitazama sakafu yako, makochi yako na mapazia yako. Hao ndio majirani zake.

Sasa nikupe kazi. Chukua ubao mkubwa, si kile kikadi cha dukani. Upake rangi unayoitaka mara mbili, uuache ukauke kabisa, kwa sababu rangi mbichi inadanganya. Usimamishe kwenye ukuta wenyewe. Utazame asubuhi, adhuhuri, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Jua likichwa, nyekundu ndiyo ya kwanza kugeuka nyeusi machoni, na buluu hubaki ikionekana. Kama madirisha yako yana vioo vya giza, vitaibadilisha kila rangi utakayoweka. Hilo ulione kabla hujalipa. Kumbuka pia kuwa kuta nne hutazamana na kuongezeana ukali. Rangi iliyokupendeza kwenye ubao itakuwa kali zaidi chumba kizima, kwa hiyo chagua iliyopoa kidogo. Na ukuta wa nje unaotazama magharibi usiupake rangi ya giza. Jua la alasiri litauchemsha, nawe utalala na joto hilo.

Najua unaona nakuchelewesha. Watoto wako wataamka kila siku wakitazama ukuta utakaouchagua wiki hii. Watasoma mbele yake, wataugua mbele yake, na siku moja watauelezea kwa watoto wao. Wiki moja ya kutazama si nyingi kwa jambo la miaka yote hiyo.

Rangi inayofaa nyumbani ni ile unayoweza kukaa nayo siku umechoka, wala si siku ya wageni peke yake. Mpigie fundi simu, mwanangu. Mwambie asubiri.