Onesiforo Alimtafuta Mfungwa



Sisi tunaosoma Agano Jipya kila asubuhi kabla ya kazi tumefika katika Barua ya Pili kwa Timotheo. Ni barua fupi, sura 4 na mistari 83 tu. Mtu anaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Sisi tumekaa ndani yake juma zima kwa sababu ya majina. Yamo zaidi ya 20, na kwa kawaida tunayapita mbio ili tufikie maneno ya kuhubiri.

Onesiforo amepewa mistari mitatu (1:16-18), na mwishoni nyumba yake inasalimiwa. Hakuna mahali pengine anapotajwa. Hakuhubiri, hakuponya mgonjwa. Paulo anasimulia kwamba alipofika Roma alimtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuona haya juu ya mnyororo wake. Kabla yake, katika mstari wa 15, Paulo amesema watu wa Asia wamemwacha, na anawataja wawili, Figelo na Hermogene.

Kwa nini kumtafuta? Katika Matendo 28:30 Paulo yuko Roma katika nyumba aliyoipanga mwenyewe, anapokea kila anayekuja, miaka miwili. Huko hakuna aliyehitaji kutafuta. Lakini mapokeo ya kale, aliyoyaandika Eusebio wa Kaisaria katika karne ya 4, yanasema Paulo alifunguliwa, kisha akafungwa tena Roma mara ya pili. Sasa mambo ni mengine. Na tufahamu vizuri: mfungwa hatafutwi kimyakimya. Lazima ufike mlangoni, umtaje jina mbele ya askari, nao watakuuliza, wewe ni nani kwake? Hapo ndipo Figelo na Hermogene waliposhindwa, ndivyo tunavyofikiri.

Wazee wetu walilijua swali hilo. Papa Simon Kimbangu alihukumiwa na baraza la vita huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, tarehe 3 Oktoba 1921, bila mtetezi yeyote. Hukumu ilikuwa fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert akaibadili kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu Elisabethville, leo Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1.500 kutoka Nkamba, akakaa gerezani mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Kwa miaka ile kusema wazi kwamba wewe ni mtu wake kulitosha kukuhamisha mbali na kijiji chako. Tunaposoma 4:16, Paulo akisema hakuna aliyesimama upande wake siku ya kujitetea, hatusomi habari ya wageni.

Jambo jingine. Paulo anasema Onesiforo alimburudisha mara nyingi. Si mara moja, siku ya Pasaka, pamoja na kwaya. Katika magereza ya Roma chakula cha mfungwa kilitoka zaidi kwa jamaa na rafiki. Wamama wetu hawahitaji kuelezwa hili. Wamebeba bukari na sombe hadi mlangoni, wamengoja juani, wamerudi kesho yake.

Kisha katika 4:13 anaomba joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu. Mzee anayejua kwamba kifo kiko karibu anaomba nguo ya baridi na kitu cha kusoma! Mistari michache juu yake alikuwa akinena habari za taji. Tumeona watu wakihubiri taji mara nyingi. Juu ya joho hatujasikia hubiri hata moja.

Wako wanaosema: Paulo alifungwa kwa ajili ya Injili, lakini ndugu yetu fulani amefungwa kwa deni, au kwa wizi, na ameliaibisha kanisa, tungoje atoke. Tumesoma tena Mathayo 25:36. Bwana anasema alikuwa kifungoni nao wakamjia. Hakuna mahali anapotaja kosa. Tena deni lenyewe wengi wetu tunalo, ila mdai wetu ni mpole.

Katika 4:21 Timotheo anaambiwa ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Barua haisemi kama alifika. Hapa Lubumbashi baridi inakaza mwezi wa sita na wa saba, na sakafu ya simenti usiku haina huruma. Mwenye blanketi la ziada alipeleke kwa mchungaji wa parokia yake kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, pamoja na jina la mfungwa anayemjua. Vitabu pia vinapokelewa.