Nani Amesogea?

Siku jina langu lilipotoka katika orodha ya waliochaguliwa kujiunga na chuo, nyumba nzima ilikuwa na kauli moja: amepata nafasi. Mjomba alipiga simu kutoka Kilosa akaisema, mama akairudia kwa kila aliyepita uani. Miezi michache baadaye nilisimama nje ya ukumbi wa mtihani, kalamu mkononi, nikisikia wenzangu ndani wakifunua karatasi. Nilikuwa nadaiwa ada ya awamu ya pili, shilingi 420,000, na katika orodha ya msimamizi jina langu halikuwemo. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kwa huruma, kisha akafunga mlango. Tangu asubuhi ile neno nafasi halijanitoka kichwani.

Tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni pumzi. Sisi tukalipanua: nafasi ni mahali, ni wasaa, ni uwezekano wa kufanya jambo. Lakini ile pumzi imebaki ndani yake, kwani mwenye nafasi ni yule aliye na pa kupumulia. Panda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni uone neno hili linavyofanya kazi. Konda anapopaza sauti kwamba nafasi ipo, hakuna kiti kilichoongezeka. Anachotaka ni waliomo wasogee. Wanabana magoti, wanapakata mikoba, mama mmoja anampandisha mtoto mapajani, na pale ambapo hapakuwa na kitu panapatikana pa kukaa mtu. Nafasi haishuki toka juu. Ukiiona, jua kuna mtu amesogea.

Ruhusa ni kitu kingine kabisa. Ruhusa haimgharimu anayeitoa. Chuo kiliponichagua kilisema tu kwamba nikija na pesa sitazuiwa mlangoni. Hiyo ilikuwa ruhusa, nasi tukaiita nafasi, na kosa hilo la jina lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana. Maana mtoto akishaitwa mwenye nafasi, kisha akakwama, watu watasema alipewa nafasi akashindwa kuitumia. Lawama yote inahamia kwake. Waliobaki wamekaa vilevile, miguu wameinyoosha, hakuna anayewauliza kitu.

Tuliwahi kulijua jambo hili. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta shehena. Asiporudi, ni msaliti. Wengi huutaja mfano huu kwa ajili ya mwisho wake, yaani deni la msomi. Mimi unanishika mwanzo wake: kijiji kimelala na njaa kwanza. Na Oktoba 1966, alipowafukuza wanafunzi karibu 400 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, alipunguza pia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Adhabu ile naiona ilikuwa kali mno. Lakini alielewa kwamba huwezi kuwaamuru wengine wasogee wakati wewe umetulia kitini.

Miaka ya 1990 ikaja na uchangiaji wa gharama, na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo. Mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na ilistahili kufutwa. Siupingi mkopo. Umewasomesha wengi ambao bila huo wangebaki nyumbani. Lakini tutazame anayesogea ni nani. Ni mwanafunzi yuleyule, wa miaka ijayo, anayebanwa ili yeye wa leo apate pa kukaa. Deni la kijiji halikuwa na tarehe ya kwisha. Hili lina tarakimu, na siku ya makato ya mwisho mtu anaweza kusema hadaiwi na yeyote.

Ipo hoja nzito siwezi kuipita. Mkulima wa Kilosa ambaye mwanawe aliishia kidato cha sita, kwa nini kodi yake imsomeshe mtoto wa mwingine? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa jepesi: muuguzi na bwana shamba anaowahitaji wanatoka vyuoni. Sasa naona halitoshi. Anayo haki ya kukasirika, kwa sababu ametakiwa kusogea mara nyingi kwa ajili ya watu waliokwisha kukaa vizuri. Ada imefutwa shule ya msingi hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Mwanawe anabebwa miaka kumi na mitatu, kisha ngazi inakatika palepale panapoanza chuo. Mkulima huyu asifutiwe mchango wake. Mwanawe naye asogelewe.

Ada yangu ililipwa siku tatu baada ya mlango ule kufungwa. Mama alikuwa kwenye mchezo wa wanawake kumi wa mtaani kwetu, kila mmoja elfu hamsini kwa mwezi, na zamu yake ilikuwa ya tisa. Jirani aliyekuwa apokee mwezi ule alimwambia kijumbe ampe mama, yeye atangoja. Pesa ile alikuwa ameikusudia mabati. Hakuna alipoandikwa, wala hakuna fomu aliyojaza. Masika ilinikuta bwenini, najiandaa na mtihani nilioukosa. Usiku mmoja wa mvua nilimpigia mama, nikauliza habari za jirani. Akasema hajambo, amesogeza tu kitanda cha watoto upande usiovuja.