Anastahili au Anafaa?

Kila msimu wa mpira wa Australia una kesi moja isiyokwisha, na mshtakiwa ni yule yule: mshambuliaji mrefu. Jamaa ana mita mbili, mabega kama mlango, analipwa vizuri, na mechi tatu zimepita bila goli. Vikosi vinatangazwa, jina lake lipo. Hapo Melbourne, Adelaide na Perth zinaanza kupiga kelele: hivi huyu anastahili kweli? Na yule kijana wa timu ya akiba anayefunga kila wiki, yeye hana haki?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, maelezo kidogo. Ulianzia Melbourne, na kanuni zake za kwanza ziliandikwa mwaka 1859. Uwanja una umbo la yai, mpira nao hivyo hivyo. Kila timu ina watu 18 ndani; hakuna kipa, hakuna kuotea. Kila mwisho wa uwanja una milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya miwili ya katikati ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni mwake ni pointi 1. Na mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini wala kuguswa na mtu, anapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Ndiyo maana kila timu hutafuta mtu mrefu ikamweka mbele. Mpira unarushiwa juu, yeye audake, apige.

Historia nayo imempandishia mtu huyu deni. Mwaka 1949 John Coleman wa Essendon alifunga magoli 12 katika mechi yake ya kwanza ya ligi. Tony Lockett aliondoka mchezoni akiwa na magoli 1,360, na hakuna aliyemfikia. Watu wakishazoea hesabu za namna hiyo, mshambuliaji aliyetoka na sifuri wanamwona kama fundi aliyekula advansi akaiacha nyumba bila paa.

Mimi naona ugomvi wenyewe umeshikwa vibaya tangu neno la kwanza. Kiswahili kina maneno mawili hapa, na tunayachanganya: kustahili na kufaa. Kustahili kunatazama nyuma. Mtu anastahili ujira kwa kazi aliyoifanya, anastahili pole kwa yaliyomkuta, anastahili adhabu kwa kosa lake. Kufaa kunatazama mbele. Ufunguo hauingizwi kwenye kufuli kwa kuwa umetumika miaka mingi kwa uaminifu. Unaingizwa kwa kuwa utafungua.

Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha siasa. Zikiwepo filimbi nzuri, wapewe akina nani? Siyo wenye nasaba, siyo wenye sura. Wapewe wapigaji bora, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya filimbi. Jezi ya Jumamosi ni filimbi ya namna hiyo. Siyo tuzo ya mwezi uliopita. Ni kazi anayokabidhiwa mtu, na swali la haki ni moja: ataifanya?

Sasa hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu lazima kwanza tujue kazi yenyewe ni ipi. Jibu la haraka ni kufunga. Lakini tazama mpira unapokuja mrefu kutoka katikati, watu wanne wako chini yake. Kwa timu inayoshambulia, la kwanza ni audake wa kwao. La pili ni usidakwe na mtu yeyote, udondoke chini, pale wanapongoja washambuliaji wafupi wenye miguu myepesi. Baya kuliko yote ni beki kuudaka peke yake na kuanzisha shambulizi la upande wa pili.

Mabeki wa kazi hiyo wapo, na mmoja wao ametokea kwetu huku. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Mwaka 2021, akiwa na Port Adelaide, aliingia katika kikosi bora cha ligi nzima. Sifa yake kubwa ni kumwacha mtu wake, kusoma mpira unakwenda wapi, na kuunasa hewani. Mpe mtu kama huyu jioni moja bila mshambuliaji mzito wa kumshughulisha, uone. Mshambuliaji mrefu anayerukiana naye mara kumi, akashindwa kudaka hata mara moja lakini akahakikisha Aliir naye hadaki, amefanya kazi. Kwenye karatasi ya magoli ana sifuri.

Najua pingamizi linalokuja, na ni zito. Kama kazi haionekani, si kila mvivu atajificha humo? Kocha atasema kila wiki kuwa jamaa ana mchango ambao mashabiki hawauoni, na hakuna atakayembishia. Ni kweli kabisa. Kwa hiyo kisichoandikwa kwenye magoli kiwe na vipimo vyake, tena vikali. Akikosa kudaka, mpira unaanguka kwa nani? Uko chini tayari, anamkimbiza beki anayeondoka nao, au anashika kiuno na kumtazama refa? Akitolewa, beki bora wa wapinzani anapata uhuru au hakuna kinachobadilika? Mshambuliaji anayeshindwa maswali hayo aketi nje hata kama jina lake linauza jezi. Sitetei urefu. Urefu hakuna aliyeutolea jasho.

Mfano unaoeleza jambo hili kuliko yote niujuao ni Tom Boyd. Mwaka 2013 alikuwa kijana wa kwanza kuchaguliwa nchi nzima katika mgawo wa wachezaji wapya. Baada ya msimu mmoja alihamia Western Bulldogs kwa mkataba wa miaka 7, ambao magazeti yaliutaja kuwa wa takriban dola milioni 7 za Australia. Hata miaka 20 alikuwa hajatimiza. Magoli hayakuja kwa kasi ya pesa zile, na kuna nyakati alicheza timu ya akiba. Swali likawa wimbo: anastahili?

Tarehe 1 Oktoba 2016 Bulldogs walikuwa katika fainali dhidi ya Sydney Swans. Hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1954. Robo ya mwisho, mechi bado haijaamuliwa, Boyd aliokota mpira nje ya mstari wa mita 50 akaupiga. Ukadunda, ukadunda tena, ukapita katikati. Lilikuwa goli lake la tatu siku hiyo. Bulldogs walishinda 89 kwa 67.

Jukwaani kukatokea jambo lingine. Nahodha wa timu, Bob Murphy, aliyeichezea klabu hiyo moja tangu mwaka 2000, alikuwa ameumia goti mapema msimu huo na hakucheza fainali. Kocha Luke Beveridge alimwita juu, akavua medali yake mwenyewe, akamvika Murphy.

Angalia basi maneno yetu mawili yalivyosimama pale. Kama kuna mtu aliyestahili siku ile, alikuwa Murphy. Mcheza kwao hutunzwa, na alitunzwa kwa medali. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angempa jezi, goti likiwa vile. Jezi alipewa Boyd, ambaye wengi walisema hajaulipia hata nusu ya mshahara wake. Kocha yule hakumdhulumu yeyote. Kila mmoja alipata kilicho chake.

Ila tusidanganyike na goli lile. Mpira wa umbo la yai hudunda unavyotaka, na ungeweza kwenda pembeni. Kumchagua Boyd kusingegeuka kosa kwa sababu hiyo, kama ambavyo goli halikugeuza kuwa busara uamuzi ambao ungekuwa wa kubahatisha. Kocha ahukumiwe kwa aliyoyajua kabla ya mechi.

Anabaki kijana wa timu ya akiba, na hapa sikubaliani na wanaosema hadaiwi kitu. Anadaiwa sababu. Kocha amwite, amweleze kwa maneno yanayoeleweka ni kazi gani inatakiwa kule mbele na nini kinampungukia, na siku akikionyesha apewe nafasi. Kumnyima nafasi kunaweza kuwa haki. Kumnyima nafasi na sababu pia, hapo unamchezea mtoto wa watu.

Na kwa huyo mrefu aliyechaguliwa, tunadaiwa kuchunga ulimi. Ukisema "hafai wiki hii," umezungumzia kazi, na wiki ijayo unaweza kubadili. Ukisema "hastahili," umemgusa mwenyewe, alivyo. Mwaka 2017 Boyd alisimama kucheza kwa muda kwa sababu ya ugonjwa wa sonona, na Mei 2019 akastaafu akiwa na miaka 23. Kilichomuuguza si cha mtu wa nje kukisema, nami sikisemi. Ninachosema ni kwamba yule aliyekuwa akijadiliwa kama bei ya bidhaa alikuwa kijana mwenye moyo unaochoka.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mshambuliaji mrefu asiyefunga achaguliwe, nitajibu kwa kuuliza: amepewa kazi gani, na anaifanya? Akiifanya, acheza. Asipoifanya, akae nje, na aambiwe ni kwa nini. Kustahili tumwachie siku ya kugawa medali.