Jina la Marehemu na Mtoto Aliye Hai

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Mugumu, wilaya ya Serengeti, jua likiwa linazama. Kabla hajamaliza usiku wake wa kwanza duniani, tayari alikuwa na majina mawili na ugomvi mmoja.

Simu ya kwanza ilitoka Tarime, kwa mama mzaa baba. Alicheka, akalia, akamshukuru Mungu, kisha akasema, "Mwiteni jina la kaka yenu. Nyumba yake isizimike." Simu ya pili ilitoka Rorya, kwa mama mzaa mama, ambaye alikuwa amekwisha kusikia fununu. Yeye hakucheka. Alisema, "Wanangu, mpeni mtoto jina lolote mtakalo, ila hilo hapana. Nawaomba."

Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu ni Mkurya wa Tarime, mwingine ni Mjaluo wa Rorya, na wote tumelelewa kanisani. Tulikuwa tumejiandaa kwa habari ya nepi, maziwa na homa. Kwa habari ya jina hatukuwa tumejiandaa, kwa sababu tulidhani jina ni jambo la kuchagua tu, kama mtu achaguavyo kitambaa dukani.

Marehemu alikuwa kaka mkubwa wa baba wa mtoto. Jina lake hatuliandiki hapa, kwa kuwa kitabu hiki kitasomwa na watu wa pande zote mbili, na wengine bado linawauma. Aliacha shule mapema akaenda Nyamongo kuchimba dhahabu pamoja na wachimbaji wadogo. Fedha aliyoipata ndiyo iliyolipa ada ya sekondari ya mdogo wake, muhula kwa muhula. Risiti alizitunza kwenye kopo la biskuti, ingawa kusoma kwenyewe kulimpa shida. Siku moja kifusi kiliporomoka ndani ya duara, akafa pamoja na yale aliyokuwa ameyapanga. Hakuwa ameoa, wala hakuwa na mtoto.

Hapo ndipo mila zetu mbili zilipogongana. Kwa mama wa Tarime, kwa sababu hakuacha mtoto, ni lazima jina lake lipewe mtu. Kwa mama wa Rorya, kwa sababu hiyo hiyo, jina lake lisipewe mtu yeyote.

Tunaomba wasomaji wasiharakishe kumcheka mmoja wao. Upande wa Wakurya, majina kama Chacha, Mwita, Marwa, Bhoke na Robi hupita kwa babu yakashuka kwa mjukuu, na anayelipokea jina hupokea pia heshima ya aliyetangulia. Nyumba isiyo na mtu wa kuitaja ni msiba juu ya msiba. Ndiyo maana ipo desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa msichana, na watoto watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Mtu anaweza kuikosoa desturi hiyo kwa mambo mengi, hasa jinsi inavyoweza kumbana binti masikini ambaye hakuulizwa. Lakini chini yake kuna kilio ambacho kila mtu anakielewa: yule wetu asifutike.

Upande wa Wajaluo nako majina ya wazee hurudi. Mtoto hupata jina kwa saa aliyozaliwa, na anaweza kupata pia jina la marehemu. Wazee husimulia kwamba marehemu huja katika ndoto kuomba jina, au mtoto hulia usiku kucha hadi atajwe yule anayetakiwa, ndipo anyamaze. Lakini si kila marehemu huitwa. Mama mkwe alitueleza kwamba kwao jina huchukuliwa kwa mtu aliyeishi akazeeka, akaacha wana na wajukuu. Aliyekufa kifo kibaya, akiwa kijana na bila mtoto, jina lake huachwa lipumzike, lisije likamvuta mtoto katika njia ile ile. Hakuwa akimdharau shemeji yetu. Alikuwa akimlinda mjukuu wake.

Kwa hiyo tulikuwa na wazazi wawili waliosukumwa na upendo, na katika kila upendo kulikuwa na hofu ndani yake. Mmoja alihofia kwamba marehemu atapotea. Mwingine alihofia kwamba mtoto atapotea.

Tulijaribu njia ya mkato. Tulisema tutampa jina la kwenye Biblia na yaishe. Tulimwendea mchungaji wetu tukiwa na furaha ya watu waliopata mlango wa nyuma. Alitusikiliza, kisha akauliza, "Mnalitaka jina hilo kwa sababu mnalipenda, au kwa sababu mnawakimbia mama zenu?" Hatukumjibu siku ile.

Tukarudi nyumbani tukifikiri. Zamani wengi wetu tulifundishwa kwamba jina la kikristo ni lile la kigeni, na jina la nyumbani ni la kipagani. Lakini hapa hapa mkoani Mara tunaye mtu anayetufanya tufikiri mara mbili. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaitwa Kambarage, jina ambalo Wazanaki walilihusisha na roho ya mvua, maana mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Nyerere, jina la baba yake, lina maana ya viwavi. Alipobatizwa mwaka 1943 aliongezewa jina la Julius, lakini Kambarage hakuliacha. Na ndugu zetu Wakatoliki, walipoanza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, walimwita Mtumishi wa Mungu akiwa na majina yake yote matatu. Hakuna aliyedai kwamba jina la mvua lilimzuia asiende misa ya asubuhi. Maisha yake ndiyo yaliyolipa jina lile maana mpya.

Basi swali halikuwa jina lipi ni la kikristo. Swali lilikuwa hili: tunapompa mtoto jina la marehemu, tunamfanyia nini marehemu, na tunamfanyia nini mtoto?

Tulifungua Maandiko, na mwanzoni yalionekana kumuunga mkono mama wa Tarime. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, ndugu wa aliyekufa bila mwana anaagizwa amwoe mjane, na mzaliwa wa kwanza ahesabiwe kwa jina la marehemu, lisifutwe katika Israeli. Katika kitabu cha Ruthu sura ya 4, Boazi anasimama langoni mbele ya wazee na kusema wazi kwamba anamchukua Ruthu ili kuliinua jina la Mahloni, kijana aliyekufa Moabu bila mtoto. Mkurya yeyote akisoma habari hiyo anajiona yuko nyumbani.

Lakini tuliposoma hadi mwisho tuliona jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Mtoto alipozaliwa hakuitwa Mahloni. Wanawake majirani walimwita Obedi. Na orodha ya vizazi inapoandikwa mwishoni mwa kitabu hicho, na tena katika Mathayo sura ya 1, Obedi anatajwa kuwa mwana wa Boazi. Mahloni hayumo katika orodha ile. Je, jina lake lilifutika? Hapana, maana leo, miaka elfu kadhaa baadaye, sisi watu wa Mugumu tunamtaja. Hakutunzwa na mtoto kubeba jina lake. Alitunzwa kwa sababu kuna mtu alisimama mbele ya watu akasema alikuwa nani, na Mungu akahifadhi neno lile.

Kisha tulisoma Luka sura ya 1, na hapo sauti ya ukoo ilisikika kama ile ya simu zetu. Jamaa walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Elisabeti alipokataa, walimwambia hakuna mtu katika jamaa yake mwenye jina la Yohana. Mzee Zakaria, ambaye hakuweza kusema, aliandika jina kwenye kibao, nalo halikuwa lake. Mungu hakumkemea mtu kwa kupenda majina ya wazee. Alionyesha tu kwamba mtoto ana wito wake mwenyewe, na kwamba ukoo haummiliki.

Neno lililotufungua lilikuwa Isaya sura ya 56. Pale Bwana anasema na watu wasioweza kupata watoto, waliojiona kama mti mkavu, na kuwaahidi ndani ya nyumba yake jina lililo bora kuliko wana na mabinti, jina lisilokatiliwa mbali. Tulisoma tukamkumbuka kaka yetu, asiye na mwana wala binti. Ikiwa ahadi hii ni kweli, basi yeye hangoji chochote kutoka kwa mtoto wetu. Nyumba yake haiwezi kuzimika, kwa sababu taa yake haikushikwa na sisi. Na ikiwa ni hivyo, hana pia haja ya kumvuta mtoto wa mtu kaburini. Yuko mikononi mwa Mungu, na aliye mikononi mwa Mungu si mdai, wala si mwizi.

Tuliona kwamba hofu zote mbili zilikuwa na mzizi mmoja: kudhani kwamba wafu wetu wanatutegemea sisi, au sisi tunawategemea wao, pasipo Mungu katikati. Jina lililotolewa kwa hofu hiyo ni deni, na mtoto mchanga hawezi kulipa deni. Angekua akiambiwa kila akikosea, "Mwenzio hakuwa hivyo," na kila akiugua, "Ni lile jina." Hata kulikataa jina kwa hofu ni kulipa deni lile lile, ila kwa njia nyingine. Lakini jina likitolewa kwa shukrani ni zawadi. Zawadi inaweza kutolewa, na inaweza pia isitolewe, na hakuna atakayekufa kwa ajili hiyo.

Tulipofika hapo ndipo tukawa huru kuchagua. Tukachagua kumpa mtoto jina la baba yake mkubwa.

Hatukuwaficha wazee. Tulikwenda Tarime tukamwambia mama, "Jina tunampa, lakini si kwamba kaka amerudi. Kaka yuko kwa Bwana. Huyu ni mtu mwingine, na akitaka kuwa fundi au mwalimu au mkulima, asihesabiwe kwamba amemwangusha mwenye jina." Mama alinyamaza muda mrefu. Mwisho alisema, "Ninyi mmesoma. Mimi nataka tu nisikie linaitwa tena uani." Tulitambua kwamba alikuwa amesema ukweli wote wa jambo hilo.

Tulikwenda Rorya pia. Kule haikuwa rahisi. Mama mkwe alitusikiliza, akatupikia, akamshika mtoto vizuri, lakini hakulitamka jina. Yeye humwita Odhiambo, kwa kuwa alizaliwa jioni. Tulimwambia ni jina zuri na litakuwa lake pia. Mpaka leo tunapoandika haya, hilo ndilo analomwita, na sisi hatumlazimishi. Hatukuona kwamba upendo wa bibi unapimwa kwa kutamka.

Siku tuliyomleta mtoto kanisani kuwekwa wakfu, baba yake alisimama mbele ya ushirika, kama Boazi langoni, akasimulia marehemu alikuwa nani: ada, duara, kopo la risiti. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia. Tuliona kwamba masimulizi yale ya dakika chache yalimheshimu marehemu kuliko jina lenyewe. Jina bila masimulizi ni sauti tu. Masimulizi yanaweza kumheshimu mtu hata kama jina halikupewa yeyote.

Tusijifanye majabali. Mtoto alipofikisha mwezi wa pili alipata homa kali usiku. Tulikuwa tunamkimbiza hospitali juu ya pikipiki, mama amemshika kifuani, na kila mmoja wetu alijua mwenzake anawaza nini. Hakuna aliyesema. Ilikuwa malaria, akatibiwa, akapona. Lakini usiku ule tulijifunza kwamba mtu anaweza kuamini Isaya 56 kwa akili yake yote, na bado mifupa yake ikakumbuka mafundisho mengine. Hatuoni aibu kusema hivyo. Imani yetu haikutufanya tusiogope. Ilitupa mahali pa kuipeleka hofu, nasi tukaomba palepale kwenye benchi la hospitali tukiwa tumeshikana mikono.

Kwa ndugu wanaongoja mtoto, hasa ninyi mliooana kutoka makabila mawili, hatuna kanuni ya kuwapa. Wapo watakaosoma haya wakaamua kumwita mtoto jina jipya kabisa, kama Zakaria alivyofanya, nao watakuwa wamefanya vyema. Tunaomba tu kwamba kabla ya kuandikisha cheti cha kuzaliwa mjiulize kama mkono unaoandika unatetemeka, na kama unatetemeka, mjue unamwogopa nani. Waendeeni wazee mapema, kwa miguu yenu wenyewe, wala si kwa simu. Na mtakalochagua, mwelezeni mtoto habari ya marehemu wake taratibu, kwa kadiri anavyokua, pamoja na mazuri na makosa yake, ili ampende kama mtu na asimwogope kama kivuli.

Mtoto wetu sasa anatembea. Tukienda Tarime, bibi yake humwita kutoka jikoni kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, mara mbili, mara tatu, hata akiwa yuko karibu naye. Mtoto huitikia, kisha anaendelea kucheza.