Picha Tisa

Mwezi Februari mwaka 2024, chumbani kwangu mjini Leicester, nilitandika gazeti sakafuni, nikachukua wembe mpya na rula ya chuma, nikakata picha 9 kutoka kwenye kitabu kilichochapishwa mwaka 1807. Kitabu kilikuwa changu. Nilikinunua kwa pauni 35 za mfukoni mwangu, na risiti ninayo. Hakuna aliyenikataza. Hata hivyo tangu siku ile kuna swali limenikaa kooni kama mwiba wa samaki: je, nilimkosea mtu? Na kama nilimkosea, ni nani?

Kwanza niseme mtu wa Tanga aliingiaje katika mambo haya. Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili inayohusu makumbusho. Wiki za mwanzo sikuwa na rafiki, baridi ilinitisha, na mahali pa bure pa kujisitiri palikuwa kwenye maduka ya hisani, yale yanayouza mitumba ili kuchangia misaada. Kwenye rafu ya chini ya duka mojawapo nikakuta historia ya kijiji kimoja cha jirani, kurasa mia tatu na ushee, kwa pauni 4. Nilicheka peke yangu. Kijiji chenye kanisa, baa na kituo cha basi, kurasa mia tatu! Nikainunua kwa kejeli, nikaimaliza kwa heshima.

Kumbe nilikuwa nimeangukia penyewe. Mjini Leicester ndiko ilikoanzishwa, mwaka 1948, idara ya chuo kikuu ya historia ya mahali ya Uingereza, chini ya W. G. Hoskins. Lakini kazi yenyewe ni ya zamani zaidi. William Lambarde alitoa kitabu chake kuhusu Kent mwaka 1576, na katika karne zilizofuata makasisi, mawakili na wenye mashamba wakaandika kaunti zao parokia kwa parokia: nani alimiliki ardhi, nani kazikwa wapi, jiwe la kaburi limeandikwa nini. Vingi vinachosha. Mara nyingi matajiri walichangia gharama kabla kitabu hakijachapishwa, na aliyechangia alitaka kuiona nasaba yake. Anayenifurahisha mimi ni Richard Gough, mwenye shamba wa Myddle huko Shropshire, aliyeandika kati ya 1700 na 1702 akifuata viti vya kanisani: kiti kwa kiti, nani anakikalia, baba yake alikuwa nani, nani alikunywa pombe hadi mali ikaisha. Ukimsoma unamsikia mzee wa barazani anayekuhesabia nyumba za mtaa, na usiku unaingia hajafika hata msikitini.

Vitabu hivi vina balaa moja: vina picha. Mtu aliyezaliwa mahali fulani anataka kutundika ukutani mchoro wa kanisa la kwao. Hataki kurasa mia tisa za nasaba za watu wengine. Basi mfanyabiashara anapiga hesabu. Kitabu kizima kitampa pauni 60 akibahatika. Picha 20 zikiuzwa moja moja ndani ya fremu zitampa mara kadhaa ya hapo. Wenyewe husema wanakivunja kitabu. Sisi tungesema wanakichinja, kama gari lililogongwa linavyochinjwa kwa ajili ya spea. Ramani nyingi za kaunti za John Speed zinazouzwa leo moja moja zilikuwa kurasa za atlasi nzima zilizoanza kutoka miaka ya 1611 na 1612. Wanaozitundika si watu wabaya, na wengi wao wala hawajui.

Mimi nilijua. Changu kilikuwa juzuu ya tisa ya The Beauties of England and Wales, mfululizo ulioanzishwa na John Britton na Edward Brayley mwaka 1801. Juzuu hiyo inazikusanya Lancashire, Leicestershire na Lincolnshire. Si kitabu adimu. Jalada langu lilikuwa linaning'inia kwa uzi na kurasa zilikuwa na madoa ya kahawia. Posho ya ufadhili ilichelewa wiki tano, kodi ya chumba ilipungua pauni 90, na mzee mmoja mpole anayeuza picha sokoni aliniambia angenipa pauni 10 kwa kila moja, mradi nizikate vizuri. Nikazikata vizuri. Niliishia tisa kwa sababu tisa zilitosha kodi, na nakiri kwamba nilijiona mstaarabu kwa kuziacha nyingine.

Baada ya wiki mbili ndipo nikakisoma. (Ndiyo, nilikuwa sijakisoma. Wakusanyaji wa vitabu wanajua ninachosema.) Katika sehemu ya Lincolnshire nikafika kwenye ukurasa wenye mwandiko wa penseli pembeni, herufi nyembamba zilizolala upande mmoja. Kulikuwa na mshale mdogo unaoelekea ukurasa wa pili, na maneno machache ya Kiingereza: jengo limebomolewa, nilikuwapo. Nikafuata mshale. Ulielekea kwenye ukingo wa karatasi wenye upana wa ukucha, ule niliouacha mimi nilipopitisha wembe.

Hakuna jina, hakuna tarehe. Nilikuwapo. Sijui aliyeandika alisimama akilia, au alipita tu na mkokoteni wake, au alikuwa mmoja wa waliolipwa kubomoa. Nilijaribu kukumbuka picha hiyo ilikuwa ipi kati ya zile tisa, nikashindwa. Nilikuwa nimezitazama kama noti.

Mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye, kijana wa Mombasa anayesomea sheria, alinisikiliza akiwa anakoroga ugali, akasema, "Ndugu yangu, wewe umeuza karatasi. Kitabu kipo maktaba, kipo kwenye intaneti, mtu akikitaka anakipata chote na picha zake zote. Hicho chako kilikuwa kinaoza. Sasa picha zimepata ukuta na fremu, na wewe umepata pa kulala. Aliyeumia yuko wapi? Mlete tumwone."

Sikuwa na wa kumleta. Ni hoja nzito na sijaimaliza mpaka leo. Alinikumbusha pia kwamba wanasheria walipoichambua haki ya mwenye mali walihesabu kutumia, kuvuna, na hata kuiteketeza. Mimi nikamjibu kwa ninachokijua kutoka nyumbani. Bibi yangu alikuwa na msahafu uliochakaa ambao hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuuita wake. Uliitwa amana. Kurasa zikichomoka zilikusanywa kwenye mfuko wa kitambaa, hazikutupwa. Mwenzangu akacheka: "Huo ni msahafu. Hicho ni kitabu cha watalii wa Kizungu." Na kweli, ndicho kilichokuwa. Sitaki kukitia utakatifu ambao hata waliokiandika hawakuudai.

Tena tusiwasingizie wauzaji peke yao. Baada ya James Granger kutoa kitabu chake cha wasifu wa Waingereza mwaka 1769, ikazuka desturi ya wapenzi wa vitabu, matajiri waliosoma, kukata picha kwenye vitabu vingine na kuzipachika kwenye nakala zao wenyewe. Hawakuhitaji kodi ya chumba. Walikata kwa mapenzi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba anayependa kitabu hakikati.

Linaloniumiza nalipata kwa William Dugdale. Mwaka 1641, akihofia kwamba vita vinakuja, alizunguka makanisani na mchoraji wakinakili makaburi na nakshi kabla hazijavunjwa. Mwaka 1658 alitoa historia ya kanisa kuu la St Paul's jijini London, yenye michoro ya Wenceslaus Hollar. Miaka minane baadaye kanisa lile likaungua katika moto mkubwa wa 1666. Leo anayetaka kujua ndani yake palikuwaje anakwenda kwenye michoro ile. Dugdale hakuweza kuuzuia moto; alichoweza ni kuwapo kabla yake na kuandika.

Mtu wa penseli alifanya kazi hiyohiyo kwa kipimo chake. Nakala zote za juzuu ya tisa zina picha ile. Moja tu ilikuwa na picha pamoja na mtu aliyesema nilikuwapo, na hiyo ndiyo iliyokuja kukaa kwangu. Maktaba hazina hilo, na intaneti haina. Mwenzangu alidai nimlete aliyeumia. Kama ningelazimika kumtaja, ningemtaja huyu: mtu aliyefanya agano na msomaji asiyemjua, kwamba ukifika hapa tazama pale. Msomaji huyo alikuwa mimi, na nilifika na wembe kabla ya macho. Mwenzangu anasema marehemu hadhuriki kwa karatasi. Huenda. Lakini nikijaribu kuamini hivyo nagundua kwamba hata Gough na viti vyake, na waandishi wa makaburi wote ninaowapenda, walifanya kazi kana kwamba marehemu anaweza kudhulumiwa.

Nilirudi sokoni mwezi Machi. Mzee akanikumbuka. Saba zilikuwa zimekwenda. Nilimweleza kwamba naitafuta ya Lincolnshire, jengo ambalo halipo tena, akafikiri, akasema aliyeichukua ni mama mmoja, kwa ajili ya mama yake mzee aliyekulia karibu na hapo na sasa yuko nyumba ya wazee. Alilipa pauni 28 pamoja na fremu. Nilisimama pale kwenye upepo nisijue kama nifurahi. Kuna bibi kizee mahali fulani anayeitazama picha ile kila asubuhi, na pengine anaijua kuliko mimi nitakavyoijua.

Sikuuza nyingine. Usiku ule nikafungua ukurasa wa mshale, nikachonga penseli, nikaandika chini ya mwandiko ule, kwa Kiswahili maana ndicho kilichonijia: picha ilikatwa Februari 2024, niliikata mimi. Mwenzangu akaniuliza kwa nini sikutia jina. Nikamwonyesha kwamba hata yule wa kwanza hakutia.