Mmeiweka Wapi?

Maji ya kunywa tumefundishwa kuyachemsha. Katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti sufuria huinjikwa jioni, maji yakatokota, yakapoa, yakachujwa kwa kitambaa na kumiminwa mtungini. Vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu hufa humo. Lakini kama maji yana aseniki, risasi au kadimi, moto huo hauna la kuzifanya. Metali haina uhai wa kupoteza. Maji yanapopungua kwa mvuke, metali hubaki, na kila bilauri ikawa na sumu zaidi kidogo kuliko ilivyochotwa.

Uchafu mwingi tunaoujua una mwisho wake: huoza, huungua, ardhi ikaumeza. Metali ikiondoka hapa, imekwenda pale. Ndiyo maana kila anayetuambia kwamba ameyasafisha maji ya metali anastahili kuulizwa, kwa adabu na bila kuchoka: mmeiweka wapi?

Kuna ufundi mmoja wa kuondoa metali majini ambao hauwezi kulikwepa swali hilo. Wanakemia huuita utando wa majimaji, na hataza yake ya mwanzo ilitolewa Marekani mwaka 1968 kwa jina la Norman Li. Matone madogo mno ya maji yenye asidi hukorogwa ndani ya mafuta mpaka mchanganyiko uwe mzito na mweupe. Mchanganyiko huo hutiwa katika maji machafu, ukakorogwa tena, safari hii taratibu. Sasa kuna maji nje, maji ndani, na katikati ngozi nyembamba ya mafuta. Metali haiwezi kupita kwenye mafuta peke yake, kwa hiyo huwekewa kemikali ya kuibeba. Kemikali hiyo hufanya kazi ya mwenye mtumbwi kivukoni: huipokea metali upande wa nje, huivusha, huishusha kwenye asidi ya ndani, kisha hurudi. Wala hairudi mikono mitupu. Kwa kila chembe moja ya zinki inayoingia, chembe 2 za haidrojeni hutolewa nje, na mabadilishano hayo ndiyo yanayoifanya metali iendelee kuingia hata pale inapokuwa nyingi ndani kuliko nje. Mwishowe umeme wa nguvu kubwa huyatenganisha mafuta na matone. Mafuta hutumika tena. Kinachobaki mbele ya fundi ni asidi kidogo iliyosheheni metali, na lazima aamue aipeleke wapi.

Kiwanda cha nyuzi cha Lenzing, Austria, kiliutumia ufundi huu katika miaka ya 1980 kuondoa zinki kwenye maji taka yake. Zinki hiyo ilirudishwa kazini, kwa sababu kiwanda chenyewe kiliihitaji kutengeneza nyuzi. Pale jibu lilikuwa rahisi, maana sumu ilikuwa na mtu wa kuitaka. Aseniki ya Nyamongo nani anaitaka?

Mgodi wa North Mara, ulioko Nyamongo wilayani Tarime, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Mwamba wake una salfaidi. Ukiwa chini ya ardhi umetulia. Ukipondwa ukakutana na hewa na mvua, hutoa asidi, na asidi huziyeyusha metali zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe. Mei 2009 maji ya asidi yalitoka mgodini yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara, nao Mara humwaga Ziwa Victoria. Wenye mgodi walisema plastiki iliyotandikwa bwawani iliibwa. Wanavijiji walilalamikia afya zao na mifugo yao. Tuseme ni kweli iliibwa. Basi kati ya sumu na mto palikuwa na plastiki tu, na jirani asiyeona sababu ya kuilinda. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mwamba uliopondwa.

Swali halimhusu mwenye mgodi mkubwa peke yake. Mchimbaji mdogo hutia zebaki kwenye karai lenye mchanga mzito uliotoka mwaloni, pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa, akauchanganya kwa vidole vitupu. Zebaki huishika dhahabu, likatokea donge la rangi ya fedha. Donge huminywa katika kitambaa, kisha huchomwa, pengine kwenye jiko lilelile la ugali. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa ikashukia mapaa na bustani. Ikifika kwenye tope la mto, bakteria huigeuza kuwa ya aina inayoingia mwilini mwa samaki, na samaki huliwa na mama mjamzito. Yule aliyechoma hakuitupa mahali popote kwa makusudi. Hakujiuliza tu imekwenda wapi.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wengi hawakuridhika. Neno la mtaalamu linalokuja baada ya msiba halina pa kushikia, ikiwa miaka yote iliyotangulia mwananchi hakuwahi kusomewa vipimo vya mto wake. Imani hujengwa siku ambazo hakuna samaki aliyekufa.

Dhahabu tunaijali. Hupimwa kwa gramu, huandikwa, hutiwa muhuri, hulindwa kwa bunduki, na kila mkono inaopitia hujulikana. Sumu iliyotoka katika jiwe lilelile inastahili daftari lilelile: kiasi gani kimetolewa majini, kimehifadhiwa wapi, nani ana ufunguo. Mgodi una siku ya kufungwa, topesumu haina. Kwa hiyo mlinzi wake aandikwe kwa jina, fedha za kumlipa zitengwe sasa wakati dhahabu bado inatoka, na hesabu ya sumu isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, pamoja na mapato na matumizi.